Kalamu Imeinuliwa: Historia Fupi ya Watoto Wakubwa Wanaokojoa Kitandani

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiim.

Ndugu wazazi, nanyi vijana wetu mnaosoma, mada ya leo watu wengi huizungumza kwa kunong'ona, au huizungumza kwa kicheko, na yote mawili hayajamsaidia mtoto hata mmoja. Ni mada ya mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, wa miaka saba, kumi, hata kumi na tatu, ambaye bado anakojoa kitandani usiku. Kwa jina la mtaani, kikojozi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ramadhani moja huko Nakivale tulikuwa na watoto wakubwa wa madrasa ambao katika kumi la mwisho hulala ukumbini, wapate kuamka pamoja kwa tahajjud na daku. Kabla ya kufika hapo nilikuwa nikisomesha mlango wa twahara, na nikaieleza ile hadithi ya makaburi mawili, ambayo Mtume (s.a.w.) alipita akasema wenyewe wanaadhibiwa, mmoja kwa sababu hakuwa akijikinga na mkojo. Niliieleza kwa sauti kubwa, kama tunavyopenda sisi walimu tukitaka watoto watulie. Kesho yake mwanafunzi mmoja wa miaka 11, hodari wa hifdhi kuliko wenzake wote, hakuja. Keshokutwa hakuja. Nikaenda kwao.

Mama yake akanitengea kigoda nje ya nyumba, akaangalia huku na huku, akasema, "Ustadh, usimkasirikie. Huyu mtoto anakojoa usiku. Alikuwa ameacha tangu mdogo. Tulipokimbia Masisi akaanza tena. Sasa ananiambia, mama, mimi ni yule wa kaburini." Akaongeza kwamba mtoto alikuwa anafunga, lakini akifuturu hanywi maji ila kidogo ya kulainisha koo, na daku halinywei kabisa, kwa hofu ya usiku. Mtoto amefunga mchana, na usiku amejifungia kiu.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Nikaanza kusoma, kwanza vitabu vyetu, kisha vya madaktari. Haya ninayoyaandika ni matunda ya kusoma huko.

Tatizo la tangu kale

Jambo hili si la kizazi hiki wala si la kambini. Misri ya kale kuna karatasi ya tiba iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Nabii Isa (a.s.), na ndani yake tayari mna dawa ya mtoto asiyezuia mkojo. Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba mtoto wa namna hiyo alishwe panya wa kuchemsha. Uingereza, mwaka 1545, Thomas Phaire alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watoto, akaweka mlango mzima wa kukojoa kitandani, na dawa zake ni koo la jogoo lililosagwa na korodani za kalunguyeye. Msicheke sana. Hapa kwetu nimesikia mtoto akiambiwa akojolee majivu ya moto, na nimeona hirizi kiunoni mwa msichana wa miaka tisa iliyolipiwa kuku wawili.

Baina ya Pliny na Phaire, lakini, kuna watu wetu. Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925), ni miongoni mwa matabibu wa mwanzo walioyaandikia maradhi ya watoto peke yake. Kisha akaja Ibn Sina, mzaliwa wa karibu na Bukhara, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037). Katika kitabu chake cha Qanun, kwenye sehemu ya maradhi ya kibofu, ameweka maneno machache juu ya kukojoa kitandani. Anasema sababu yake ni kulegea kwa msuli unaofunga kibofu, na kwa watoto kinachosaidia jambo hilo ni kuzama katika usingizi. Mkojo ukisukuma, mwili unautoa wenyewe kabla mtoto hajazinduka, kwa hiari iliyojificha mfano wa hiari ya kupumua. Wakikua na kupata nguvu usingizi wao huwa mwepesi, nao huacha.

Tazameni alivyopanga maneno. Hakusema mtoto ni mvivu wala mchafu, na shetani hakumtaja. Amemfananisha na mtu anayepumua. Nani atamchapa mtoto kwa kupumua? Na karibu miaka elfu moja baadaye madaktari wa leo wanasema mambo yanayokaribiana sana na hayo: mtoto halisikii tangazo la kibofu akiwa usingizini, ama kibofu chake bado ni kidogo kwa usiku mzima, ama mwili wake hautoi vya kutosha ile homoni inayopunguza mkojo usiku.

Qanun ilifasiriwa kwa Kilatini karne ya 12 na ikasomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Lakini nafikiri ukurasa ule hawakuusoma vizuri, kwa sababu huko mbele mambo yaligeuka kuwa mabaya zaidi. Karne ya 19 madaktari wa Ulaya walikuwa na vyombo vya kumfunga mvulana usiku, na plasta kali za kuunguza ngozi ya mgongo. Katika shule zao za bweni dawa ilikuwa kiboko. Mwandishi George Orwell, aliyepelekwa bweni akiwa na miaka minane, ameandika jinsi alivyochapwa kwa kosa hilo. Anasema aliamini ni dhambi, na papo hapo alijua hana uwezo wa kuizuia. Tulipopokea shule za bweni kutoka kwao tulipokea na hilo pia. Wazee wetu wengi wana kumbukumbu ya kubebeshwa godoro kichwani mbele ya wenzao.

Kengele ya mwaka 1904

Mlango ulifunguka kwa bahati. Mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler alitengeneza kengele ya umeme kwa ajili ya wodi, ilie kitanda kinapolowa ili wauguzi waje kubadilisha nguo. Hakukusudia kutibu. Lakini akagundua kuwa baadhi ya watoto, baada ya kuamshwa na kengele mara nyingi, waliacha kukojoa. Mwaka 1938 huko Marekani mtu na mkewe, Hobart na Willie Mowrer, waliijaribu kwa watoto 30 wakafanikiwa kwa wote. Kengele ya namna hiyo, sasa ndogo ya kuvaa kwenye nguo, mpaka leo ni miongoni mwa tiba zenye mafanikio makubwa, ingawa inahitaji majuma mengi na mzazi asiyechoka kuamka. Vipo pia vidonge vya desmopressin, vinavyopunguza mkojo wa usiku. Husaidia kwa safari au kulala ugenini, ila mara nyingi tatizo hurudi vikiachwa, na ukivitumia ni lazima kupunguza maji jioni, kwa hiyo si dawa ya kununua dukani bila daktari.

Katika kila watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 hukojoa kitandani. Kila mwaka takriban 15 kwa mia ya wanaokojoa huacha wenyewe bila dawa yoyote. Wachache, kama mmoja kwa mia, hufika utu uzima nalo. Na jambo hili hurithiwa: mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, karibu nusu ya watoto huwa nalo, wakiwa wote wawili, hufika kama robo tatu. Kwa hiyo baba mwenye fimbo mkononi, kabla hujaipandisha, muulize kwanza mama yako ulikuwaje ulipokuwa na miaka minane.

Vita na godoro lililolowa

Mama wa mwanafunzi wangu alisema mtoto aliacha, kisha akaanza tena walipokimbia. Hii ni aina ya pili, nayo ina historia yake.

Mwezi wa Septemba mwaka 1939, vita kuu ya pili ilipoanza, Waingereza waliwahamisha kutoka mijini watu wapatao milioni moja na nusu kwa siku chache, wengi wao watoto, wakagawiwa kwa familia za mashambani. Baada ya muda mfupi malalamiko yakamiminika: magodoro yameharibika, watoto wakubwa wanakojoa. Magazeti na wakubwa wakasema ni uchafu wa watoto wa mitaa ya maskini na malezi mabaya ya mama zao. Waliokaa na watoto wale waliona mengine. Wengi waliacha walipozoea nyumba na kupendwa na wenyeji wao. Daktari Winnicott alifanya kazi na mabweni yaliyofunguliwa huko Oxfordshire kwa watoto walioshindikana kukaa majumbani. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto wa vita London, waliandika mwaka 1943 kuhusu watoto waliokuwa wameshazoea usafi na wakaupoteza walipotenganishwa na mama zao. Nchi tajiri, bila hata kuvuka mpaka, watoto wake walilowesha magodoro kwa kuondolewa nyumbani tu. Sasa mtoto aliyetoka Masisi kwa miguu?

Nakivale imejengwa na watoto wa namna hiyo tangu mwanzo. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Wakati huo eneo lote lilikuwa Ankole. Baadaye likawa wilaya ya Mbarara, na sasa ni Isingiro. Baada yao wakaja wengine wa 1994, Wakongo wa kila wimbi la vita vya Kivu, Wasomali, Waethiopia, Warundi wa 2015. Leo ni zaidi ya watu 150,000. Kila wimbi limekuja na watoto, na kila wimbi lina mikeka iliyoanikwa asubuhi ambayo majirani wanajua maana yake.

Wala sio wakimbizi peke yao. Mzee mmoja wa Mbarara, mtu wa safu ya kwanza msikitini, nilimgusia habari hii baada ya swala ya isha nikidhani atacheka. Akanyamaza kidogo. Akaniambia mwaka 1979, Amin alipoangushwa na Waislamu wa Ankole wakageukiwa, yakatokea mauaji ya Kiziba upande wa Bushenyi, yeye alikuwa na miaka tisa. Walilala migombani siku kadhaa. Aliporudi nyumbani akaanza kukojoa kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa na akili zake, na likamshika mpaka miaka 12. "Baba alinichapa," akasema, "na baba mwenyewe usiku alikuwa anapiga kelele usingizini. Hakuna aliyemchapa yeye."

Kuna jambo jingine la Nakivale ambalo watu wake wengi hawalijui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, akiwemo Mganda Lamaro Onyut, walifanya kazi hapa miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2005 walichapisha habari za watoto sita wa Kisomali, wa kati ya miaka 12 na 17, waliosaidiwa kwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, pamoja na yale ya kutisha, mbele ya mtu anayewasikiliza na kuandika. Mwaka 2008 wakatoa matokeo ya watu wazima 277, Wanyarwanda na Wasomali, na washauri waliowahudumia walikuwa wamefundishwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wala si madaktari. Kazi ile ilihusu mshtuko wa vita, haikuhusu mkojo. Nimeitaja kwa sababu imeonyesha, hapahapa kwenye vumbi letu, kuwa jirani aliyefundishwa kusikiliza anaweza kumpunguzia mtu hofu.

Sheria inasemaje?

Sasa nirudi kwenye kaburi lile. Wanavyuoni wameieleza hadithi ile kwa mtu mzima, macho, anayeweza kujikinga na akapuuza. Na iko hadithi nyingine mashuhuri, iliyopokewa na Ali na Bibi Aisha (r.a.), kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Mtoto anayekojoa kitandani ni mtoto, na amelala. Kalamu imeinuliwa kwake mara mbili! Mimi niliyeisomesha hadithi hii miaka mingi sikuwahi kuiunganisha na godoro lililolowa mpaka mtoto wa watu alipojinyima maji.

Isitoshe, kaburi la pili tunalisahau. Mwenyewe alikuwa akipeleka maneno ya watu huku na kule. Jirani anayetoka kisimani akasema "yule binti wa fulani bado anakojoa" angelitazama hilo kwanza. Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) katika Ihya anawausia walezi wasilifichue kosa la mtoto wala kumvunjia sitara yake, hasa pale mtoto mwenyewe anapolificha. Alikuwa anazungumzia kosa hasa. Hili letu si kosa.

Nimeulizwa sana na kina mama kama mtoto aliyeamka amelowa ni lazima aoge josho. Hapana. Josho ni kwa janaba. Mkojo unatengua udhu tu: anaosha palipoguswa, anabadili nguo, anatawadha, anaswali. Kuna watoto wanaamshwa alfajiri na baridi hii ya Isingiro wanamwagiwa jerikani zima la maji kwa jina la dini, na dini haikuagiza. Godoro au mkeka, ukishanyonya mkojo na kukauka, humwagiwa maji pale palipolowa mpaka yapaenee, basi pametwaharika. Ushahidi wake ni Bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Maswahaba walimwinukia, Mtume akawazuia wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Huyo alikuwa mtu mzima, yuko macho, ndani ya msikiti. Na Anas bin Malik (r.a.), aliyeingia kumtumikia Mtume akiwa mtoto wa miaka kama kumi, amesimulia kuwa katika miaka kumi ya utumishi hakuwahi kuambiwa hata "ah".

Nyumbani

Kwanza aonwe na daktari, hasa aliyekuwa ameacha kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena. Kituo cha afya kinaweza kupima mkojo, kuona kama kuna maambukizi au sukari. Mtoto anayekonda huku anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana apelekwe siku hiyohiyo, kisukari cha watoto hakingoji. Mtoto asiyepata choo kubwa vizuri hukojoa pia, kwani utumbo uliojaa hukibana kibofu, na wazazi wengi hawajui hilo. Wenye selimundu, ambao Uganda ni wengi, figo zao hutoa mkojo mwingi mwepesi, na kukojoa kitandani kwao ni kawaida. Hao kuwanyima maji ni hatari kubwa. Na liko moja zito: mtoto aliyebadilika ghafla huenda ameguswa vibaya na mtu. Muulizeni kwa upole, mkiwa faragha, na mwaminini.

Mengine ni ya nyumbani. Maji anywe vya kutosha mchana, apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala, na chai ya usiku iachwe. Tunawafundisha watoto kulala na udhu, kama ilivyo sunna. Basi aanze chooni, ndipo atawadhe. Nakivale choo kiko nje gizani, na mtoto aliyeona aliyoyaona hatatoka peke yake hata ukimwahidi nini. Tochi, au ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba, imewasaidia wengi kuliko dawa. Mzazi anayeamka kwa tahajjud amwamshe na mtoto, aamke kweli, atembee kwa miguu yake. Haitibu, ila inaokoa godoro. Chini ya shuka litandikwe kipande cha turubai. Mtoto asaidie kuanika shuka kama anavyosaidia kuosha vyombo, bila hotuba. Na tumeamrishwa kuwatenganisha watoto malalo wakifika miaka kumi. Mwenye shida hii, akipewa mkeka wake mwenyewe hata mapema zaidi, ameepushwa na ugomvi wa ndugu kila alfajiri.

Fimbo sijaitaja kwa sababu haimo. Ibn Khaldun (aliyefariki 808 Hijria) aliandika mlango mzima katika Muqaddima kueleza kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru, unawafundisha uongo na kujificha. Watoto wanaochapwa kwa mkojo hujifunza jambo moja, kuficha shuka.

Yule mwanafunzi wangu nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Nilimweleza habari ya kalamu, akaniuliza swali moja tu: "Ustadh, na maji ya daku ninywe?" Nikamwambia anywe. Ramadhani iliyofuata alikuja ukumbini na mkeka wake, kipande cha turubai, na kanzu ya pili ndani ya mfuko. Alilala karibu na mlango, nami nikalala upande wa pili. Usiku wa tatu alilowa. Tuliumwagia mkeka maji, tukauanika nyuma ya jengo, tukarudi ndani kuwaamsha wenzake kwa daku, na yeye ndiye aliyegawa maji.

Wabillaahi tawfiiq.